Gereji ya mzee wa MG, Shimanzi: spea sahihi na kazi safi, ila uende na subira

Nyinyi wenye MGB, Midget, Triumph na hizi gari ndogo za Kiingereza za zamani hapa Mombasa, naandika hii kwa sababu kila nikipaki Nyali kuna mtu anakuja kuniuliza gari nimetengenezea wapi. Jibu ni Shimanzi, ile gereji ndogo iliyojificha katikati ya mabohari, haina kibao wala nini, ukifika uliza tu kwa mzee wa MG utaonyeshwa. Jina lake siweki hapa, mwenyewe hapendi makuu.

Gari yangu ni MGB ya 1966, ile ya wazi. Mzee kabla hajafungua boneti alitaka kwanza namba ya bodi. Akasugua ile bati ya namba kwa kitambaa mpaka ikasomeka GHN3, akanieleza pole pole kama mtu anayesoma barua: G ni MG, H ni saizi ya injini, N ni ya viti viwili ya wazi (ingekuwa GT, ile yenye paa la chuma, ingeandikwa D), na 3 ni namba ya mfululizo wa kiwanda, gari yenyewe bado ni toleo la kwanza la MGB. Halafu akaenda kwa namba ya injini, akakuta 18GB, akafurahi kweli, "Mwanangu, injini ni yake hii." Hapo ndipo nikajua nimefika kwa mwenyewe.

Kwa nini hilo ni jambo kubwa? Kwa sababu MGB zilitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya laki tano, na ndani ya hiyo miaka vitu vilibadilika chini kwa chini huku jina likibaki lile lile. Injini ya kawaida ni ya 1798 cc miaka yote lakini za mwanzo zina beringi kubwa 3 za krenki, kuanzia mwisho wa 1964 zina 5. Giaboksi ya toleo la kwanza gia ya kwanza haina sinkro (kile kinachofanya gia iingie bila kusaga), ya toleo la pili gia zote zinayo. Difu (ile ya ekseli ya nyuma inayopeleka nguvu kwa magurudumu) ya gari za wazi za mwanzo ni ile ya mviringo, wenyewe wanaiita banjo, halafu 1967 ikaja nyingine kabisa, na spea zake haziingiliani. Sasa wewe ukipiga simu ukasema nataka oili sili ya difu ya MGB, hujasema kitu bado.

Na haya si maneno tu. Kuna muuzaji mmoja wa nje alituletea sili za difu ya baadaye, boksi limeandikwa vizuri MGB, mimi ningepokea nikashukuru. Mzee akatoa kaliper yake ya kupimia, akapima, akazirudisha kwa boksi, akasema hizi zirudi zilikotoka. Fundi mwingine angezigonga zikaingia kwa nguvu, na baada ya wiki mbili oili ingekuwa imefika kwa breki za nyuma.

Bodi ndiyo kazi iliyonifanya nimheshimu zaidi. Sote tunajua hewa ya bahari hapa inavyokula bati, na MGB haina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo inabeba kila kitu, nguvu yake kubwa iko kwa zile bati za chini ya milango. Bati hizo si moja, kuna ya nje unayoiona, kuna ya katikati iliyosimama, kuna ya ndani, na chini kuna ile yenye meno meno. Gari nyingi hapa mjini zimechomelewa ile ya nje tu juu ya kutu, ikajazwa puti, ikapigwa rangi ikang'aa, na ndani ni unga. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, alipogonga na bisibisi ikaingia mpaka mpini.

Basi angalia alivyofanya. Kabla ya kukata hata inchi moja alifunga vyuma kukatiza uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, pande zote mbili, gari imekaa sawa kwa stendi. Akapima ule mwanya wa mlango juu, katikati na chini, akaandika kwa chaki kwenye mlango wenyewe. Akakata upande mmoja, akachomelea vipande vifupi vifupi huku anaruka huku na huku bati isipate joto ikapinda, na kila baada ya muda anarudi kufunga mlango na kuangalia namba zake za chaki. Ukikata pande zote kwa pamoja bila hivyo vyuma, gari inanepa katikati na mlango haufungi tena maisha. Leo milango yangu inafunga kwa kidole, wallahi, na mistari imelingana mbele na nyuma.

Bati alisisitiza zitoke British Motor Heritage, wale wa Witney, Uingereza, kwa sababu nyingi ya bati zao zinapigwa kwa moldi zile zile za kiwandani, na hawa ndio waliorudisha bodi nzima mpya za MGB mwaka 1988. Ni ghali, na mzigo wa bati ni mkubwa kwa hiyo tulileta kwa meli, lakini zilikaa mahali pake bila kukatwa katwa. Tukumbuke pia kwamba Kenya gari iliyopita miaka 8 hairuhusiwi kuingia, huwezi tu kuagiza MGB nyingine kutoka Uingereza uivunje spea. Hizi tulizonazo ndizo hizi, na ndiyo maana inaniuma nikiona moja imekatwa ovyo.

Kabureta. Aliyekuwa na gari kabla yangu alikuwa ameweka kabureta za chapa ya SU, aina ya HIF za miaka ya 70, zile chemba ya mafuta iko chini ndani kwa ndani. Zinafanya kazi, sikatai, lakini gari ya 1966 inataka SU aina ya HS4 mbili zenye chemba pembeni. Mzee alikuwa na jozi kuukuu kwa kabati, spindo (vile vijiti vinavyozungusha kifuniko cha hewa) zimelika zinavuta hewa pembeni, akaagiza spindo, jeti na gaskiti kutoka Burlen wa Salisbury ambao ndio wanaotengeneza SU siku hizi. Kila pistoni na kofia yake ni ndoa, haibadilishwi na ya jirani, na haisuguliwi na msasa, inaoshwa tu. Akaweka oili kidogo juu, akanyanyua pistoni kwa kidole akaiachia, ikashuka taratibu na kugonga "tak". Akanipa na mimi nifanye.

Upande wa umeme soma vizuri hapa. Toleo la kwanza la MGB, kama hii yangu, chanya ya betri ndiyo inafungwa kwa bodi, kinyume na gari zote tulizozoea, na betri ni mbili za volti 6 nyuma ya viti. Kuna duka moja la betri hapa mjini waliifungia gari hii hasi kwa bodi enzi za mwenye gari wa zamani, na geji ya mizunguko ya injini, ambayo ni ya umeme, ikafa. Mzee aliirudisha sawa yote, akabakisha dinamo ya Lucas badala ya kubandika alteneta, na akapaka rangi nyekundu kwenye waya wa bodi ili fundi yeyote ajaye aone.

Na ana spana za inchi. Vijana wengi wanalazimisha 13 mm kwa nati ya nusu inchi, ambayo ni 12.7, inateleza mpaka kona zinaisha. Kwake hakuna nati iliyoliwa.

Sasa ubaya. Anachelewa, sana. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na yuko chini ya gari siku nzima. Rangi na viti hafanyi, utatafuta wengine. Hesabu anaandika kwa daftari la shule, risiti mpaka umkumbushe, na spea za nje unalipa wewe mwenyewe mapema pamoja na ushuru na VAT ya 16%, usimuachie yeye mambo ya bandari. Mtu mwenye haraka ya harusi ya mwezi ujao asiende. Mimi nampa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu niliyokata ni ya simu.

Ukienda, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na ubebe picha ya namba ya bodi na ya injini. Bila hizo atakurudisha nyumbani ukazilete.