Kitaa cha indiketa kwenye Land Rover yangu: gereji imeniudhi mno

Jamani naandika hapa bado nina hasira. Nina Land Rover Series IIA ya mwaka 68, aliniachia marehemu baba. Juzi juzi kile kitaa kidogo cha ndani cha indiketa kikafa, nikaipeleka gereji moja hapa Arusha ambayo kila mtu anaisifia kwa umeme wa magari. Taa za nje zinapiga vizuri, hapo sina neno, ila kitaa chenyewe nilichokwendea ndo wamekivuruga.

Flasha ya zamani ya hizi gari, kile kidude kinachofanya indiketa ziwake na kuzimika, ina pini tatu, B moto unaingia, L unakwenda kwenye swichi, P ni ya kitaa tu, na uzuri wake balbu moja ya nje ikiungua kitaa cha ndani hakiwaki, unajua hapo hapo. Fundi wao, dogo mmoja, kaing'oa kaweka ya pini mbili, halafu kitaa kaweka LED, mguu mmoja kaunga waya wa kijani na nyekundu wa kushoto, mwingine kijani na nyeupe wa kulia. Balbu ya kawaida hapo ingewaka pande zote maana inapata hasi kupitia balbu za upande wa pili, LED inapitisha moto njia moja tu! Kulia inawaka, kushoto giza.

Namwambia, ananijibu hata haniangalii, "Mzee, nje si zinawaka? Ya ndani ya nini, gari lenyewe la kupeleka skrepa." Gari la baba yangu hilo.

Mkono wa indiketa umechoka, haurudi wenyewe ukishakata kona, sasa bila kitaa nitajuaje? Nimetoka pale nikakata kushoto, ikabaki inapiga mi sina habari, mbele kidogo daladala ikachomoka barabara ya pembeni ikijua naingia, breki niliyopiga Mungu ndo anajua.

Nilitaka kuwapa nyota tatu, bei yao nzuri na taa za nyuma kaziunga safi kweli. Ila jana nimefungua dashibodi nakuta waya wa asili umekatwa, umesokotwa na mkono, umezungushiwa selotepu. Selotepu ya karatasi za shule! Hapana aisee, hata moja hawapati.

Flasha yangu nimeiulizia eti wameshaitupa. Mwenye kujua wapi napata orijino ya pini tatu, Arusha au Moshi, aniambie, nitaifunga mwenyewe.