Boxer 150 kwa anayejifunzia milimani: klachi inasamehe, breki haisamehi

Anayetaka kujifunza pikipiki Mbeya au Iringa hachagui sana chombo. Anapanda kilichopo, na mara nyingi kilichopo ni Boxer ya mtu wa bodaboda. Si chombo kibaya cha kuanzia. Tatizo ni kwamba wanaofundisha mtaani hufundisha namna ya kuiondoa pikipiki, wakasahau namna ya kuisimamisha, na barabara za huku ama zinapanda ama zinashuka. Tathmini hii ni ya Boxer BM150 ya kawaida, yenye kabureta na breki za ngoma mbele na nyuma, kwa mtu anayeanza leo na anayetaka baada ya miezi michache kufika Tukuyu, Chunya au Njombe bila kusukuma.

Injini ni ya silinda moja, ujazo wa cc 144.8, inapozwa kwa upepo, na nguvu zake ni farasi 12 hivi. Mwenye kuzoea kusoma namba atacheka. Lakini nguvu hiyo inakuja mapema, injini ikiwa bado haijapiga kelele, na hilo ndilo analolihitaji mwanafunzi: ukiachia klachi kwa pupa kidogo, pikipiki inatikisika na kuondoka badala ya kuzima katikati ya njia panda ya Mwanjelwa. Uzito hauzidi kilo 130, siti iko chini, na mtu wa kimo cha wastani anakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili. Tairi ni nyembamba, 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Zinageuka kirahisi kwenye mwendo mdogo, ila upepo wa Makambako unazisukuma pembeni hasa ukiwa umefunga mzigo mrefu kwenye keria.

Kwa kuwa ujazo unapita 125, leseni inayohusika ni daraja A, si A1. Anza na leseni ya kujifunzia kabla hujaanza na barabara.

Somo la kwanza lifanyike uwanjani, mahali tambarare penye changarawe iliyoshindiliwa au nyasi fupi. Kabla ya yote uliza mpangilio wa gia. Kuna pikipiki ambazo gia zote unakanyagia mbele, na kuna ambazo ya kwanza iko chini na zilizobaki unapandisha; mtu aliyejifunzia moja akirukia nyingine hushusha gia akidhani anapandisha, na tairi la nyuma hukwama ghafla. Hilo ukilijua, kazi ya siku hiyo ni moja tu: kutafuta mahali klachi inaposhika. Washa, weka gia ya kwanza, usiguse resi kabisa, achia klachi taratibu hadi pikipiki itake kutembea, kisha ibane tena. Rudia mara 30. Kwenye Boxer mahali hapo ni papana, si kama pembe ya wembe. Ikiwa klachi inashika mwishoni kabisa mwa mkono, waya umekazwa mno. Legeza mpaka mkono wa klachi uwe na uhuru wa milimita 10 hivi kwenye ncha. Bila uhuru huo sahani za klachi zinateleza kidogo kila wakati, na mlimani utasikia injini inapanda mlio wakati mwendo haupandi.

Kuondoka kwenye mlima ndiko kunakowashinda wengi, na kwa Iringa huwezi kukukwepa: ukitoka Ipogolo kwenda mjini unapanda tu. Utaratibu ni huu. Mguu wa kulia unashika breki ya nyuma, mguu wa kushoto uko chini. Gia ya kwanza. Ongeza resi kidogo, iache hapo, usiichezee. Achia klachi hadi sehemu ya nyuma ya pikipiki izame na mlio wa injini ushuke. Hapo, na hapo tu, ndipo unaachia breki. Anayeachia breki kwanza anarudi nyuma, anaogopa, anaachia klachi yote, na pikipiki inazima ikiwa imeinama. Boxer itakusamehe kosa hilo mara nyingi. Zoezi hili lifanywe kwanza bila abiria, halafu na abiria mzito, maana ni pikipiki mbili tofauti.

Wafundishaji wengi humwambia mwanafunzi asiguse breki ya mbele: “itakurusha.” Ni ushauri mbaya kuliko yote unayoweza kupewa. Unapofunga breki, uzito unahamia mbele, na tairi la mbele ndilo linalobaki na mshiko. Atumiaye ya nyuma pekee anateleza. Kwa kilometa 50 kwa saa unakata karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja ya kushangaa ukichanganya na breki nusu inatosha kukuingiza kwenye gari la mbele yako. Kinachotakiwa ni kubana mkono kwa kuongeza, kama unayekamua chungwa, huku mguu ukisaidia. Kwenye vumbi na matope punguza nguvu ya mkono, usiuondoe. Pikipiki ikiwa imelala kwenye kona, breki ya mbele haiguswi kwa nguvu. Ndiyo maana mwendo unapunguzwa kabla ya kona.

Breki za ngoma zenyewe zinatosha mjini, na fundi yeyote anazijua. Udhaifu wake ni joto. Breki shuu zimefungiwa ndani, hewa haipiti, na kwenye mteremko mrefu zinachemka. Dalili ya kwanza ni harufu, ya pili ni pedali kwenda chini zaidi ya kawaida, ya tatu ni kwamba unakanyaga na hakuna kinachotokea. Hapa ndipo ile tabia ya kushuka kwa nyutro ili kuokoa mafuta inapoua. Injini iliyoko kwenye gia inazuia pikipiki bila kuchemsha chochote. Injini iliyoko nyutro inakuachia wewe na breki shuu peke yake. Kanuni ya kushuka mlima wa Kitonga, au kushuka kutoka kilele cha barabara ya Chunya kurudi Mbeya, ni rahisi: gia ambayo ingekupandisha ndiyo ikushushe. Resi ifungwe, klachi iachwe, breki ziguswe kwa vipindi vifupi. Ukisikia harufu, tafuta mahali pa kusimama mbali na lami, subiri dakika 15 hadi 20, na usimwagie maji kwenye ngoma.

Marekebisho ya breki hayahitaji gereji. Nyuma kuna nati kwenye fimbo: ikaze hadi pedali iwe na uhuru wa sentimita mbili hadi tatu, kisha inua tairi ulizungushe kwa mkono. Likikwaruza, umezidisha, na ukiendesha hivyo breki zitachemka hata bila kuzigusa. Mbele kuna kirekebishi cha waya. Ukivuka maji au ukioshea pikipiki mtoni, endesha mita chache huku umegusa breki kidogo zikauke, kabla hujazihitaji kwa dhati.

Sasa hewa. Mbeya mjini pako mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Chunya inapanda kupita mita 2,400, na uwanda wa Kitulo uko juu zaidi. Injini isiyo na tabo ya kusukuma hewa hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo farasi wako 12 juu kule wamebaki tisa na ushee. Ukikuta Boxer haipandi kwa gia ya juu, haijaharibika. Shusha gia mapema, kabla injini haijaanza kugonga. Kwa kuwa kabureta haijui mlima, inaendelea kumimina mafuta yale yale kwenye hewa iliyopungua: plagi inakuwa nyeusi yenye masizi, moshi unatoka mweusi, mafuta yanaliwa zaidi. Kagua kichujio cha hewa kwanza. Kikiwa kimeziba vumbi kinaleta dalili hizo hizo. Kama unaishi na kufanya kazi juu, jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta) ndogo kwa ngazi moja inasaidia. Kama unapita tu na kurudi, iache kama ilivyo, maana ukishuka Kyela, ambako ni takriban mita 500 na joto, mchanganyiko uliopunguzwa mafuta utaipasha injini moto. Skrubu ya pembeni ya kabureta inatawala mlio wa kusimama tu na resi ndogo. Fundi anayeizungusha ili “ipande mlima” anakupotezea muda.

Asubuhi ya Juni au Julai vuta choki, usiguse resi, washa, subiri dakika moja, kisha irudishe. Choki iliyosahaulika ndiyo sababu ya malalamiko mengi ya “inakula mafuta”.

Tenki ni la lita 11. Kwa mwendo wa kilometa 60 hadi 70 kwa saa, mtu mmoja na begi, hesabu kilometa 40 kwa lita kwa tahadhari. Mbeya hadi Iringa ni kilometa 330 hivi, kwa hiyo tenki moja linafika, lakini jaza Makambako, usisubiri rizevu. Na usifungue resi yote kwenye barabara kuu siku za mwanzo: kilometa 1,000 za kwanza za pikipiki mpya usivute resi zaidi ya nusu, badilisha mwendo mara kwa mara, na oili ya kwanza imwagwe mapema, kilometa 500 hivi. Iliyotoka itakuwa inang'aa chembechembe za chuma. Baada ya hapo 20W-50 kila kilometa 2,000 ni busara kwa chombo kinachopanda milima.

Safari ya kwanza nje ya mji iwe Uyole hadi Tukuyu. Ni fupi, ni lami, vijiji vimekaa karibu karibu, na ukiharibikiwa Kiwira fundi yuko hatua chache. Kinachosumbua ni mvua. Rungwe hunyesha wakati Mbeya kuna jua, na maji ya kwanza yanapoanza kudondoka ndiyo yanayoteleza zaidi, kwa sababu yanaamsha dizeli na vumbi lililolala kwenye lami. Koti la mvua liwe juu ya mzigo, si chini yake. Chunya ni safari ya pili: kilometa 70 hivi, magari machache, kona nzuri, na pale mahali pa kutazamia bonde pumzisha breki wakati wenzako wanapiga picha.

Njia ya Mafinga na Makambako hadi Njombe inaonekana rahisi kuliko ilivyo. Malori ya mbao na nguzo yanatoka kwenye njia za msitu wa Sao Hill na matope kwenye tairi, na matope hayo yanabaki kwenye lami hasa kwenye makutano. Ukungu wa Njombe hauheshimu saa, na taa ya Boxer haitoshi kwa zaidi ya kilometa 40 kwa saa ukungu ukiwa mzito. Panga ufike mchana. Kitonga isubiri hadi uwe na kilometa elfu kadhaa. Si kwamba kona zake ni ngumu. Ni kwamba semi zinazopanda kwa mwendo wa kutembea zinakushawishi kuzipita, na semi inayoshuka ikikata kona inachukua sehemu ya upande wako. Kwenye kona ya kulia usikae karibu na mstari wa katikati, maana ukilala, kichwa chako ndicho kinachovuka mstari. Ile ya Chimala kwenda Matamba, yenye kona zaidi ya 50, mwanafunzi asiiguse kipindi cha mvua.

Cheni ndiyo sehemu inayotelekezwa kuliko zote. Iwe na ulegevu wa milimita 25 hadi 35 katikati, ipimwe ukiwa umezungusha tairi hadi sehemu iliyokaza zaidi. Watu huikaza ikanyooka kama kamba ya gitaa; akipanda abiria, shokapu zikishuka, cheni haina pa kwenda, inakula beringi na sproketi. Upepo wa tairi: PSI 25 mbele, 28 nyuma peke yako, 32 nyuma ukibeba mtu.

Sifa kubwa ya Boxer haimo kwenye karatasi ya kiwanda. Ni kwamba duka la spea lipo Uyole, Tukuyu, Mafinga na karibu kila mahali palipo na kijiwe cha bodaboda. Kwa hilo TVS HLX 125 peke yake ndiyo inayoikaribia, na kwa mtu mwepesi asiyetoka mjini hiyo inakula mafuta kidogo zaidi. Lakini wingi wa spea umeleta wingi wa bandia. Waya wa klachi bandia hukatika kichwani mwake, plagi bandia hufa mlimani. Nunua viwili hivyo kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, na vifunge chini ya siti kabla ya safari pamoja na tyubu ya 3.00-17, ambayo kwa dharura inaingia hata mbele, kiungo cha cheni, spana ya plagi, spana za ekseli zote mbili na pampu ya mkono. Zijaribu spana hizo nyumbani. Nati ya ekseli iliyokazwa na fundi mwenye misuli haifunguki kando ya barabara ya Igawa kwa spana fupi ya bati.