Darasa la jioni la historia ya uchumi, Upanga: linastahili nauli

Kwa nini mapinduzi ya viwanda yalianzia Uingereza, si Uchina wala India? Anayetaka jibu zaidi ya "Wazungu walikuwa wajanja" atalipata hapa, katika vipindi vinne vya saa mbili mbili.

Kipindi cha makaa ya mawe ndicho bora kuliko vyote. Ramani mbili zinabandikwa ukutani: makaa ya Newcastle yalifika London kwa meli, ilhali ya Uchina yalikuwa mengi Shanxi, kaskazini, mbali na wafumaji wa bonde la chini la mto Yangtze. Kisha inachorwa injini ya mvuke ya Mwingereza Newcomen, ya 1712. Ilikula makaa kupita kiasi, hivyo ililipa pale tu mgodini, ikivuta maji. Penye vibarua wa bei nafuu na makaa ghali, nani angeinunua? Mskoti James Watt, kwa hataza (haki ya mvumbuzi) ya 1769, aliiboresha: alitenga chumba cha kupozea mvuke, silinda ikabaki na joto lake na ulaji ukashuka sana.

India nayo inaelezwa vizuri: sheria za Uingereza za 1700 na 1721 zilivifungia mlango vitambaa vyake vilivyochapwa rangi, watengenezaji wa Uingereza wakapata nafasi ya kuviiga.

Upungufu upo. Japani baada ya mageuzi ya utawala ya 1868 inapitiwa mbiombio. Pamba iliyolimwa na watumwa wa Marekani inatajwa mara moja tu, na hilo ni kosa kubwa mbele ya watu wa pwani, ambao kitambaa cha pamba wamekiita "marekani" tangu enzi za misafara.

Kaa safu ya mbele; nyuma feni zinameza sauti.