Dog-Opoly, Monopoly ya mbwa: uzoefu wangu

Watoto wetu wamezaliwa hapa Columbus, Ohio, na ombi lao halibadiliki: mbwa. Mama yao hataki hata kusikia. Mimi nimekulia Tanga, ambako mbwa ni wa ulinzi na analala nje. Basi nikawanunulia Dog-Opoly, mchezo wa ubaoni unaoiga Monopoly, nikijua fika kuwa nawapoza tu.

Kama umewahi kucheza Monopoly, hapa hupotei. Unarusha dadu, unazunguka ubao, unanunua, na ukitua kwenye mali ya mwenzako unamlipa kodi. Ila penye mitaa ya Atlantic City, mji wa Marekani uliochorwa kwenye Monopoly, pamekaa aina za mbwa. Badala ya nyumba unanunua mifupa, na ikitosha unaibadilisha kwa mfupa mkubwa, ambao ndio hoteli yenyewe. Jela imekuwa banda. Mchezo unatengenezwa na Late for the Sky, kampuni ya Cincinnati, hukuhuku Ohio, yenye michezo ya aina hii chungu nzima.

Kwangu mimi pesa yangu imerudi kwenye migongo ya kadi za umiliki. Kila kadi nyuma ina habari fupi za mbwa wake, na kijana wetu mkubwa huwa hatoi kadi mpaka aisome kwa sauti, hata kama wenzake wanamlilia arushe dadu. Zikamtia hamu ya kutafuta zaidi intaneti. Ndiyo tukajua dalmatian huzaliwa mweupe, madoa yanakuja baadaye, na kwamba basenji, mbwa wa Kongo, habweki kama wenzake.

Kodi ndiyo inanitatiza. Mama mzazi alipokuja kututembelea tukamkaribisha mezani. Akatua kwenye mbwa wa mjukuu wake, akaambiwa alipe.

"Nilipe kwa lipi? Kaniuma?"

Mjukuu akawaza kidogo. "Umempapasa, bibi."

Alilipa huku anacheka, ila swali lake lina haki. Mmarekani Lizzie Magie alipopata hataza ya The Landlord's Game mwaka 1904, mchezo uliokuja kuzaa Monopoly, alikusudia watu waone jinsi mwenye ardhi anavyotajirika huku mpangaji akikamuliwa. Hata katika Monopoly iliyotolewa na kampuni ya Parker Brothers mwaka 1935 machungu hayo bado unayahisi, kwa kuwa kodi ya nyumba kila mtu anaijua. Ukimlipia mbwa, machungu hayaji. Watoto hawanuniani sana, na hilo ni jema, lakini sisi watu wazima tunaona mchezo umepungua chumvi.

Mzigo wa Monopoly nao umebebwa wote. Anayefilisika mapema anageuka mtazamaji, na kwetu mtazamaji maana yake ni mtu aliyehamia kwenye kochi na simu, humrudishi tena. Maelekezo yana namna fupi ya kucheza kwa saa moja. Anzeni na hiyo, hasa siku za shule.

Kama Monopoly ya kawaida mnayo na hakuna kichaa wa mbwa nyumbani, sioni sababu ya kununua hii. Monopoly yenyewe ina kete ya mbwa wa Kiskoti, tena mwaka 2013 watu walipopigia kura kete za kubaki ndiye aliyeongoza. Pasi ikatupwa nje, paka akaingia. Lakini nyumba yenye watoto wanaojua majina ya mbwa kuliko ya binamu zao, nunueni.

Sanduku linasema miaka 8 na kuendelea, wachezaji 2 hadi 6. Mdogo wa hapo anacheza vizuri tu akikaa na mkubwa wa kumhesabia noti. Wawili hainogi. Mkifika wanne ndipo biashara ya kubadilishana mbwa inapochangamka, na hapo mama yao, yuleyule asiyetaka mbwa ndani, hupandisha bei bila huruma.