TAHADHARI: Nyumba ni ya kweli, biashara ni hewa

Jamani, nimelizwa. Nimekaa nalo moyoni wiki kadhaa kwa aibu, lakini leo nimeona yule bwana aliyeniuzia nyumba ya kupangisha wageni kupitia Airbnb (mtandao wa kukodisha nyumba kwa siku) ametangaza nyumba nyingine kwa maneno yale yale, "inauzwa pamoja na wateja wake", nikasema hapana. Bora nionekane mjinga mimi kuliko mtu mwingine kutumbukia kwenye shimo lile lile.

Wengi wenu nyumba yenyewe mnaijua, na mnajua pesa ya kuinunua niliipataje, kwa hiyo huko sirudi.

Sikukurupuka. Hati niliipeleka kwa wakili, akaikagua: jina ni lake, haina deni, haina kesi. Nyumba nilienda kuiona mara mbili, nikafungua mabomba, nikapanda mpaka darini. Kila kitu safi. Hapo ndipo roho ilipotulia. Nilijiambia mtu mwenye hati safi namna hii hawezi kuwa tapeli.

Ile mara ya pili tulikaa mezani sebuleni. Akafungua kompyuta, akaigeuza upande wangu. Kalenda ya mwezi ule imejaa, mwezi unaofuata umejaa, wa tatu zimebaki siku nne tu. Akashuka kwenye maoni ya wageni, akanisomea mwenyewe kwa sauti, taratibu. Moja nalikumbuka neno kwa neno karibu: mama mmoja anashukuru kwamba mwanawe alisahau kiatu kimoja chini ya kitanda, na mwenyeji akakituma mpaka kwao. Nikamwona mtu mwenye utu. Na juu ya ukurasa kuna beji ya Superhost, yaani mwenyeji bora, ambayo Airbnb hawaitoi hovyo: wastani wa nyota uwe 4.8 kwenda juu, uwe unawajibu wageni kwa angalau asilimia 90, usiwe mtu wa kuvunja buking, na wanakupima upya kila baada ya miezi mitatu. Sasa mtu wa hivyo nimshuku kwa lipi?

Tukiwa pale pale simu yake ikalia. Akaitazama, akaniwekea mbele ya macho: buking mpya, usiku tano. Akasema, "Unaona? Hii itakuwa yako."

Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Hata kuomba apunguze bei niliacha. Alikuwa anataka zaidi ya walichouza majirani, na nilijua, ila alinieleza kwa utulivu kabisa kwamba ile nyongeza ni ya biashara: nyota, jina, wageni waliokwisha kubuku. Nikaona ana hoja. Anayenunua duka lenye wateja hulipa zaidi ya anayechukua fremu tupu.

Kwenye mkataba ikaandikwa nyumba na vyombo vilivyomo. Biashara ilibaki mdomoni. Wakili wangu simlaumu, alikagua alichopewa.

Funguo nilikabidhiwa Ijumaa. Jumapili wakafika wageni na masanduku yao, mume, mke na mtoto mchanga, wameshalipa. Nikawapokea kwa furaha, shuka nimetandika kwa mikono yangu. Wakaondoka, wakaja wengine. Nikamuuliza yule bwana hela ziko wapi, akaniambia mtandao huchelewesha. Ndugu zangu, Airbnb humtumia mwenyeji pesa yake takriban saa 24 baada ya mgeni kuingia. Mwenyeji kwenye akaunti alikuwa bado ni yeye! Mimi nafua mashuka, nalipa umeme, namlipa dada wa usafi, yeye anapokea.

Nikamwambia basi nikabidhi akaunti. Ikawa kesho, keshokutwa, halafu kimya. Usiku huo nikakaa kusoma masharti ya Airbnb mwenyewe, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kutia sahihi: akaunti haihamishwi kwa mtu mwingine. Beji ni ya mtu, si ya nyumba. Na huyu bwana kazi hii kaifanya miaka, asiniambie kwamba hakujua.

Kisha wageni waliobaki wakaacha kuja. Nikafungua ukurasa wangu mpya: nyota hakuna, maoni hakuna, kalenda tupu. Nikautafuta ukurasa wake wa zamani, nikaukuta upo. Picha zimebadilishwa, ni nyumba nyingine kabisa, ina kibaraza cha mbao. Chini yake maoni ni yale yale. Yule mama wa kiatu yupo, anashukuru kwa chumba ambacho kiko kwangu. Nilishika ile simu nikitetemeka.

Mtu huyu hastahili kuitwa mfanyabiashara. Huo ni wizi, na mwizi mahali pake ni mahakamani. Arudishe ile nyongeza yote, arudishe pesa za wageni niliowafulia, na mtandao umfungie asipangishe hata godoro. Dalali aliyetuunganisha naye aitwe aeleze, maana kamisheni yake aliichukua akijua fika ninachouziwa. Sitanyamaza mpaka hilo lifanyike.

Mlioniuliza kama kulikuwa na dalili: zilikuwepo. Ukurasa alioufungua ulikuwa ule wanaouona wageni, si ule wa mwenyeji. Kwa nje, siku aliyoifunga mwenyewe na siku iliyolipiwa zinafanana. Kwa mwenyeji jina la mgeni linaonekana. Dada wa usafi ameniambia juzi kwamba miezi ile "iliyojaa" alikuwa akiitwa mara mbili tu kwa mwezi. Angalau yeye ningemuuliza mapema! Nilipoomba taarifa ya benki ya miezi kumi na miwili, yule bwana alinipa picha ya skrini yenye jumla moja kubwa, kabla ya makato, kabla ya umeme, kabla ya kila kitu. Kibali cha kupangisha kiko kwa jina lake, kwa hiyo naanza upya. Na haraka yake ile, kila siku kuna mnunuzi mwingine anakuja jioni. Huyo mnunuzi sikuwahi kumwona.

Hata ile buking ya usiku tano hakuna aliyekuja. Tarehe ilifika, nilitandika, nikakaa kibarazani mpaka saa nne usiku.

Jumbe zake na sauti zake zote ninazo, jalada limeshafunguliwa. Kama nawe ulinunua kwake, niandikie. Na kama uko naye mezani sasa hivi na amekugeuzia kompyuta, usitie sahihi, nipigie kwanza.