Oats zenyewe safi, ila hizo "kalori 68" ni za nini?

Kalori 68 kwa gramu 100. Ndivyo ilivyoandikwa nyuma ya pakiti, kwa maandishi ya kijani, juu kabisa, pale jicho linapotua kwanza. Na ni oats kavu! Ndizi mbivu iliyomenywa, ambayo sehemu kubwa ni maji, ina kama kalori 89 kwa gramu 100. Nafaka kavu itakuwaje chini ya ndizi?

Jina la mfungashaji sitalitaja. Ni mmoja wa hawa wanaofungasha hapa hapa Dar na kuuza mtandaoni: unatuma hela kwa simu, bodaboda anakuletea pakiti ya nusu kilo mpaka mlangoni. Niwape kwanza haki yao kabla hasira haijapanda. Oats ni safi. Ukimimina kiganjani na kuzisugua huoni makapi, ukizinusa hupati ile harufu ya mafuta yaliyokaa, ambayo kwa joto na unyevu wa mji huu huanza mapema sana kwenye oats za kupima zilizoachwa wazi dukani. Hakuna fukusi. Chini ya pakiti vumbi ni kidogo, maana yake hazijasagikasagika njiani. Ni zile nyembamba, na kwa smuthi hizo ndizo zinazofaa, kwa sababu zinalowa haraka na blenda inazimaliza. Zimeshapitishwa kwenye mvuke kiwandani kabla ya kubanwa, kwa hiyo unaweza kuzitia bila kupika. Hadi hapo nyota nne zilikuwa zao.

Halafu ndiyo hiyo lebo.

Mistari michache chini ya ile 68, lebo hiyo hiyo inasema: protini gramu 13, mafuta gramu 7, wanga gramu 60, nyuzinyuzi gramu 10. Namba hizi nne sina ugomvi nazo, oats ndivyo zilivyo. Sasa zidisha. Gramu moja ya protini ina kalori 4, hiyo ni 52. Wanga nao 4, hiyo ni 240. Mafuta 9, unapata 63. Nyuzinyuzi huhesabiwa 2, unapata 20. Jumla 375. Protini peke yake imeshachukua 52 kati ya zile 68, kwa hiyo wanga wote na mafuta yote wagawane kalori 16 zilizobaki?

Ukiijua kazi hii, hiyo 68 unaijua ilikotoka. Ni ya uji. Chukua gramu 40 za oats, ambazo ni kalori 150, pika na maji mpaka upate uji wa gramu 220 hivi. Kalori ni zile zile 150, ila sasa zimetawanyika kwenye uzito mkubwa, na kila gramu 100 ya uji inabeba kama 68. Mtu kafungua simu, kachukua protini na wanga kwenye mstari wa oats kavu, kalori kazichukua kwenye mstari wa oats zilizopikwa, kabandika zote kwenye mfuko mmoja. Programu nyingi za kuhesabu kalori zina mistari yote miwili, tena imekaa jirani. Kosa la kawaida kabisa. Unalirekebisha kwa kuchapa stika mpya.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zote: "Habari za leo dada. Samahani, naomba kuuliza, hii kalori 68 ni ya oats kavu au ya uji uliokwisha kupikwa?" Basi, swali ni hilo tu. Jibu likaja na vikaragosi vya kucheka: "Mteja wangu, sisi tunauza oats, hatufundishi hesabu. Kama unaogopa kunenepa, kunywa maji."

Kunywa maji! Kumbe mtu akiuliza kilichoandikwa kwenye bidhaa aliyoilipia, tatizo ni unene wake. Nikamtumia ile hesabu ya 375, na bado nikamwita dada. Akasoma. Akanibloku.

Ningeweza kuyameza hayo kama pembeni ya pakiti kusingekuwa na mapishi. Yapo, tena na picha ya bilauri yenye mrija: oats kikombe kimoja, maziwa kikombe kimoja, ndizi moja, asali kijiko kimoja cha chakula, "chini ya kalori 400, inafaa kupunguza uzito". Tuipigie hesabu. Kikombe cha kupimia cha mililita 240 kinachukua oats kama gramu 80. Kwa namba yao ya 68 hizo ni kalori 54. Maziwa yasiyoondolewa mafuta, kikombe kilichojaa, 155. Ndizi ya wastani 105. Asali 64. Jumla 378, kweli iko chini ya 400, kumbe waliipiga hesabu! Weka sasa 375 mahali pa 68: oats peke yake zinakuwa 300, na bilauri nzima inafika 624. Kuna kalori 246 ambazo mnywaji haambiwi. Anayekunywa hiyo kila asubuhi akidhani anajinyima atashangaa mizani inapanda, na atailaumu ndizi.

Na hayo mapishi hakuna aliyeyajaribu, hilo naliweka wazi. Gramu 80 za oats kwenye mililita 240 za maziwa haziwi smuthi, zinakuwa zege. Oats zina ule utelezi wao wa asili unaonyonya maji na kuvimba. Ndani ya dakika chache jagi linajaa bonge, visu vinazunguka hewani kwenye shimo vilivyojichimbia, juu hakuna kinachoshuka. Ndipo mtu anaendelea kubonyeza, mota inapata moto, anasikia harufu ya waya kuungua. Blenda ndogo nyingi za majumbani hufa kwa namna hii, halafu lawama anapewa fundi au aliyeiuza Kariakoo.

Kipimo kinachofanya kazi ni gramu 30 hadi 40 za oats kwa mililita 300 za kimiminika. Ukizidisha hapo unatengeneza uji wa baridi, na kama unautaka uji, upike. Anza na kimiminika kwenye jagi, fuatisha tunda laini, oats ziwe za mwisho. Zikitangulia zinaganda chini ya visu na kwenye kona, unakuja kuzikuta wakati wa kuosha, na hizo tayari umeshazihesabu kama ulizinywa. Kabla ya kusaga ziloweke dakika 10 hadi 15 kwenye hayo hayo maziwa au maji. Au zisage kavu kwanza kwa kile kikombe kidogo cha kusagia viungo, ziwe unga, kisha utie. Unga unatoa smuthi laini zaidi, ila unavimba haraka: ukiiacha mezani nusu saa utahitaji kijiko. Saga kwa nusu dakika, pumzisha mota, saga tena.

Kulowesha usiku kucha ni sawa, ila iwe ndani ya friji. Nje, kwa joto la Dar, asubuhi unakuta zimechacha. Maji nayo yawe yaliyochemshwa au ya chupa, kwa sababu smuthi haipiti motoni. Maji ya bomba uliyozoea kupikia uji hapa hayana moto wa kuyasafisha. Umeme ukikatika blenda ikiwa katikati ya kazi, usiiache kwenye swichi ukisubiri urudi. Weka jagi lote kwenye friji, maana ukirudi baada ya saa mbili hilo bonge litakuwa limeshakaza.

Kalori, sasa. Kulowesha hakuziongezi wala hakuzipunguzi, kusaga pia. Kinachotibua hesabu ni vipimo. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa kisu kinachukua oats gramu 5 au 6. Kikijazwa mlima kinaweza kuzidi 10. Vijiko vitano vya mlima vinaweza kukuachia kalori 90 juu ya ulizoandika. Kikombe ndiyo balaa zaidi, kwa sababu magi za plastiki tunazonywea chai nyingi zinapita mililita 300, na mapishi yanaposema "kikombe" yanamaanisha 240. Suluhisho ni mizani ndogo ya jikoni ya dijitali. Weka jagi juu yake, irudishe sifuri, tia oats, soma, irudishe sifuri, tia tunda, soma. Mizani ya mawe ya Mangi wa dukani haitakusaidia kwenye gramu 30.

Huna mizani? Pakiti ya gramu 500 igawe sawasawa kwenye vimfuko 16. Kila kimoja kina gramu 31 na punje, yaani kalori kama 117. Andika 117 juu ya mfuko na umemaliza mwezi nusu wa hesabu. Hivyo vimfuko viweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, ndani ya friji kama nafasi ipo.

Bilauri inayoweza kweli kuitwa nyepesi ni hii: oats gramu 30 (113), papai lililomenywa gramu 150 (65), nusu ndizi gramu 50 (45), mtindi usio na sukari mililita 150 (kama 90), maji mililita 100, tangawizi kipande. Inafika 313, na inashibisha mpaka mchana kwa sababu ya nyuzinyuzi na ule utelezi. Ukitaka embe badala ya papai, gramu 150 ni 90. Parachichi ni jambo lingine, 160 kwa kila gramu 100. Siagi ya karanga kijiko kimoja cha chakula ni kama 95, na hakuna anayetia kimoja. Tende nazo zinapita 270 kwa gramu 100, ingawa watu huzitupia kwenye jagi kama vile hazina hesabu kwa kuwa "ni sukari ya asili". Na usichuje. Ukichuja, kinachobaki kwenye chujio hujui ni kiasi gani, na ndicho chenye nyuzinyuzi.

Kama lebo yako imeandika kilojuli, gawa kwa 4.184. Oats nzuri zitakuja na kitu kama 1,570, ukigawa unapata 375. Ukikuta chini ya kalori 300 kwa gramu 100 za oats kavu, jua kuna mtu amenakili vibaya. Kwa matunda na vyakula vyetu vingine yapo majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania yaliyotoka 2008, kazi ya MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Mimi nayaamini kuliko programu ambayo kila mtu anajaza anachotaka.

Tukirudi kwa dada wa vikaragosi. Nimejaribu kuwa muungwana hapa. Nilitaka kusema nyota tatu: bidhaa nzuri, lebo mbovu, irekebishwe. Maana ukweli ni kwamba sijaona oats za bei hiyo zikiwa safi namna hii, na bodaboda wao alikuwa na heshima kuliko ofisi nzima iliyomtuma. Ukinunua kwa ajili ya ladha na uji wa watoto, nunua, hutajuta.

Lakini kuna watu wanaopima chakula kwa sababu daktari kawaambia. Mgonjwa wa kisukari akisoma hiyo lebo, wanga gramu 60 ni sahihi na kalori 68 si sahihi, aamini ipi? Akiuliza, ataambiwa anywe maji? Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia TBS, yaani Shirika la Viwango, mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, na lebo hii itafika huko ikiwa na hesabu yake pembeni, kwa kuwa mwenye pakiti hataki kuhesabu.

Basi ni nyota moja. Nusu nyingine naiongeza kwa ajili ya oats, na hiyo nusu ni ya aliyezilima. Kama pakiti unayo tayari usiitupe: chukua kalamu ya wino mzito, kata 68, andika 375, na kwenye yale mapishi futa "kikombe kimoja" cha oats uweke "gramu 30".