Kigari cha Brawn GP cha 1:43: njano imenikera ila hela yangu siidai

Wadau wa langalanga, kile kigari cha mfano cha Brawn GP, ile timu ya Formula 1 ya 2009, nilichokuwa nakisaka kimetua, saizi ya 1:43 yaani kidogo mara 43 kuliko gari lenyewe, kinakaa kiganjani tu, namba 22 ya dereva Jenson Button. Naandika hapa maana wanaoniuliza inbox wamekuwa wengi.

Kwanza ule weupe. Mshkaji mmoja kakiona akauliza mbona kama hakijamaliziwa, matangazo yako wapi? Ndo kilivyokuwa bwana! Honda walitangaza kujitoa Desemba 2008, timu ikabaki inaning'inia pale Brackley, Uingereza, bosi wa timu Ross Brawn akaja kuichukua kwa pauni 1, pauni moja jamani, Honda wakaacha na fungu la kuendeshea, na hata hivyo wafanyakazi kibao walipunguzwa. Mdhamini wa maana hakuna, Virgin wamekuja kubandika stika wikiendi ileile ya mbio za kwanza Australia. So ukiletewa Brawn ya Australia imejaa matangazo kama daladala, rudisha.

Sasa kigeuze uangalie chini kwa nyuma, hapo ndo hela yako ilipo. Difyuza ya ghorofa mbili, yaani ile njia ya kutolea hewa chini ya mkia wa gari, wameichonga safi, tundu la juu linaonekana kabisa ukimulika na tochi ya simu. Kwa wasiojua, hewa inayopita chini ya gari ikitokea hapo inalinyonya gari kwenye lami, kona unaipiga na spidi yako. Timu za Toyota na Williams nazo zilikuwa nayo, wapinzani wakakata rufaa FIA, wale wasimamizi wa mbio, Aprili 2009 ikatupwa, na Button huku anabeba tu, mbio 7 za kwanza kashinda 6! Ile ya China Vettel wa Red Bull kaichukua kwenye mvua. Na gari lenyewe lilichorwa kwa injini ya Honda, ya Mercedes imekuja kupachikwa mwishoni ikabidi chasi irekebishwe nyuma ili ikae. Kwenye kigari hilo hulioni, bodi haifunguki.

Haya lawama. Ile njano ya Brawn ilikuwa ya kuwaka, ya kuumiza macho, hii wameipaka kama haradali, sijui nani aliidhinisha. Kioo cha pembeni cha kulia kimefika kimechomoka, nikamwandikia muuzaji akanijibu "gundi tu boss". Gundi tu boss! Kwa bei ile? Tairi ziko poa, hazina michirizi, maana 2009 ndo tairi laini zilirudi, hapo nawapa maksi.

Bei ndo utalia, ila naielewa. Timu iliishi msimu mmoja: mbio 17, ushindi 8 (6 za Button, 2 za dereva mwenzake Barrichello, Valencia na Monza), makombe yote mawili, la madereva na la timu, Button kamalizia kazi ya ubingwa Brazil kwa kushika nafasi ya 5 baada ya kuanza ya 14. Novemba hiyohiyo Mercedes wakainunua, jina likafutwa, kiwanda kilekile ndo dereva Lewis Hamilton alikuja kubebea ubingwa mara 6. Kwa hiyo hakuna Brawn ya 2010 ya kusubiri ishuke bei, ni hii au ukose.

Mimi nakipa 7 kwa 10. Ukiagiza, dai picha ya vioo kabla hujatuma hela, na kama humpendi Button kuna namba 23 ya Barrichello.